Kijerumani cha Mikoani: Barua ya Wazi kwa Berlin, München na Bonn

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Moshi. Barua hii ni yenu ninyi mlioko Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani jijini Berlin, makao makuu ya Goethe-Institut kule München, ofisi za Bonn zinazoshughulikia shule za nje na ufadhili wa wanafunzi, na ubalozi wenu Dar es Salaam. Wahusika wa serikali yetu nao wana sehemu yao humu, watavumilia hadi tufike. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wasomaji wa lugha hii mnao, tena wengine mabingwa: Berlin ilianza kuifundisha rasmi 1887, na idhaa ya Kiswahili ya DW iko hewani tangu 1963. Kwa hiyo suala la kukosa mkalimani halipo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha Kijerumani hapa mjini. Ninachotaka kusema hakihitaji kuzungushwa: huku mikoani lugha yenu inabebwa na vikundi vya watu wanaojitolea, na sera zenu, zikituona kabisa, zinatuona kama foleni ya viza. Tunaomba mtuone kama wasomaji.

Kwanza mtujue. Tunakutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi tulioazimwa na usharika, nyuma ya jiko la akina mama, kwa hiyo vitenzi vinafundishwa huku harufu ya maharage ikipita dirishani. Wanaokuja ni mchanganyiko: waongoza watalii na wapagazi wa Kilimanjaro, wauguzi wenye diploma wasio na ajira, vijana waliomaliza kidato cha sita, mwinjilisti mstaafu aliyezoea kupokea wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani, na wazee wachache ambao hawana safari yoyote wanayoitarajia. Hao wa mwisho ndio wanaowahi kufika.

Waongoza watalii ndio wachangamfu. Mmoja wao, mzee wa Kibosho, Kijerumani chake cha mwanzo alikipata redioni na kilichobaki akakiokota njiani kati ya Mandara na Horombo. Siku akiamua kufundisha, anamwaga vifaa vya mlimani mezani: mfuko wa kulalia, taa ya kichwani, begi, hema lililokunjwa. Kila mtu anachukua kitu na kukitaja pamoja na neno dogo linalokitangulia: der, die au das. Kijana akisema "der Zelt", mzee anamnyang'anya hema. "Das Zelt, mwanangu. Mgeni mwenye baridi hatakusahihisha, ndiyo maana mimi nakusahihisha hapa." Nimehudhuria semina za ualimu wa lugha zilizokuwa na projekta na chai ya saa nne, na sikuona mbinu inayoishinda hiyo.

Vikundi vya namna hii mnavyo dunia nzima, lakini si vyote vinafanana. Kuna vya wajukuu wa wahamiaji. Blumenau, kusini mwa Brazil, ulianzishwa 1850 na Mjerumani aliyeupa jina lake, na tangu 1984 unafanya Oktoberfest ya kwake. Namibia ina gazeti la Kijerumani lililoanza 1916 na bado linatoka. Watu hao lugha waliirithi kwa bibi zao. Halafu kuna shule: mpango wenu wa PASCH, ulioanzishwa 2008, unaziunganisha shule zipatazo 2,000 duniani zinazofundisha Kijerumani. Sisi hatumo huku wala kule. Hatuna bibi Mjerumani na hatuvai sare ya shule. Ni watu wazima waliojichagulia lugha, na kwa kuwa hatuna kapu letu kwenye hesabu zenu, tunatupiwa kwenye kapu lililo karibu, la watafuta kazi.

Sibezi kutafuta kazi. Robo tatu ya darasa langu wanataka kwenda, na nawafundisha kwa moyo mmoja. Muuguzi aliyesomeshwa kwa mikopo ya shangazi zake akiona hospitali za Ujerumani zinahitaji watu na za kwetu hazitangazi nafasi, ana haki ya kwenda. Septemba 2024 jirani zetu Kenya walitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi na Ujerumani mjini Berlin, na habari hiyo ilivuka Holili na Taveta kabla wino haujakauka. Wiki ile ile simu za wanakikundi zikajaa matangazo. "Ujerumani wanahitaji watu, jisajili leo." "Ausbildung (mafunzo ya kazi), nafasi chache." "A1 mpaka B1 kwa miezi mitatu, viza uhakika."

Hapo kwenye miezi mitatu tusimame kidogo. Ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, zikapanda A2, B1, B2 na kuendelea. Mwongozo wa Goethe-Institut wenyewe husema mtu anayeanzia sifuri huhitaji kati ya vipindi 350 na 650 vya dakika 45 kufika B1. Gawanyeni kwa siku 90. Hata kwa kile kiwango cha chini ni karibu vipindi vinne kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, bila malaria wala msiba. Na uuguzi wenye usajili kamili kwa kawaida hudai B2 na mtihani mwingine wa lugha ya kitabibu juu yake. Mtu aliyeuza ng'ombe kulipia miezi mitatu ya wakala hajui hayo, kwa sababu hakuna mahali alipoandikiwa kwa lugha anayoisoma. Anakuja kwetu baada ya pesa kwisha, akiwa na daftari la sentensi alizokariri na cheti cha kuchapishwa stesheneri. Sisi ndio tunaomweleza kwamba ubalozi unatambua vyeti vya mitihani inayojulikana kama Goethe, telc na ÖSD, na kwamba karatasi yake nzuri yenye bendera haimo. Kazi hiyo hakuna anayetulipa, sawa, lakini pia hakuna anayetupa hata bango la kubandika ukutani.

Nikianza na wakala nitamaliza karatasi, na sivyo nilivyopanga. Naomba niwapeleke kwenye jambo ambalo sijaliona kwenye kipeperushi chochote chenu.

Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizobaki Tanzania ziko Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Wataalamu wa nyaraka kutoka Marburg, Ujerumani, walikuja kuzipanga miaka ya 1960, na 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Nusu nyingine ya mazungumzo hayo, mafaili ya ofisi ya makoloni ya dola ya Ujerumani ya wakati ule, iko Berlin kwenye Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, na imeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Leo kijana wa Uru mwenye simu na bando la elfu moja anaweza kufungua ripoti iliyoandikwa kuhusu kijiji chake zaidi ya miaka mia iliyopita. Anaweza kuifungua. Kuisoma ni jambo jingine.

Kizuizi cha kwanza ni lugha. Cha pili ni mwandiko. Makarani na maofisa wa wakati ule waliandika kwa Kurrent, mwandiko ulioondolewa mashuleni Ujerumani mwaka 1941, ambao hata vijana wenu hawaujui. Herufi e inafanana na n. Herufi u ina kijikia juu ili isichanganywe na n, na h inashuka na kupanda kama kamba ya mtego. Tuliwahi kukaa na ukurasa mmoja wa namna hiyo mchana kutwa, tukiukuza kwenye simu, tukinakili herufi moja moja ubaoni. Muuguzi mmoja, binti wa Machame aliyekuwa akijiandaa na B1, ndiye aliyepiga kelele kwanza: ameona "Madschame", yaani Machame kwa tahajia ya Kijerumani. Kutoka hapo akarudi nyuma kwenye mstari kama mtu anayefumua kitambaa, mpaka akapata "Hüttensteuer". Kodi ya kibanda. Kila mtu mezani aliwahi kuisikia hiyo kodi kwa babu yake, rupia tatu kwa nyumba. Hakuna aliyewahi kuiona imeandikwa na aliyeitoza.

Binti yule, ambaye kwenye fomu za mtu mwingine ni "mwombaji, kiwango A2", alipitisha saa moja akisoma chanzo cha historia ambacho maprofesa hukiombea ruzuku. Wiki iliyofuata alikuja na mama yake mdogo.

Ndiyo maana neno "utamaduni" kwenye barua zenu tunalipokea kwa uangalifu. Utamaduni unaotufikia kwenye maboksi ni mabango ya kasri la Neuschwanstein, kalenda za Krismasi na video za sherehe za bia. (Bia tunaijua. Mbege ilikuwepo kabla ya mmisionari wa kwanza.) Si vibaya. Lakini utamaduni wa Kijerumani unaoishi Kilimanjaro una sura nyingine. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, na kati ya walichoacha ni kwaya za matarumbeta: njooni usharika wowote mkubwa Jumapili ya Pasaka alfajiri, msikie tuni za Ujerumani zikipulizwa na wakulima wa kahawa waliojifunza kwa baba zao, wengine bila kujua noti hata moja. Mpaka leo sijaona afisa utamaduni aliyekuja kuwarekodi.

Na utamaduni huo una upande ambao hauimbiki. Old Moshi, mwendo mfupi kutoka ukumbi wetu, bado upo mti ambao Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, alinyongewa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake. Ukoo wake umekuwa ukitafuta kwa miongo kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Berlin, taasisi inayosimamia makumbusho ya Prussia ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na karibu 200 ya kwetu. Septemba 2023 ikatangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu, mmoja wao akiwa mshauri wa Meli. Meli mwenyewe hakupatikana. Hizo zote ni habari za Kijerumani, zimeandikwa kwa Kijerumani, kwenye daftari za mapokezi ya makumbusho, orodha za mizigo ya meli, barua za madaktari wa jeshi. Ukoo unaotafuta babu yao unategemea mtu mwingine awasomee.

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier alisimama Songea, mji unaobeba jina la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa 1906 wakati wa Maji Maji, akaomba msamaha. Alisema pia kwamba Wajerumani watatafuta pamoja nasi majibu ya maswali yasiyotupa amani. Tulisikiliza hotuba hiyo ukumbini, kwa Kijerumani, tukiisimamisha kila sentensi. Wengine waliguswa. Mzee wa Kibosho yeye aliuliza swali la kiutendaji: kutafuta pamoja ni kutafutaje, ikiwa mmoja anasoma na mwingine anasubiri kusimuliwa?

Waheshimiwa, hilo ndilo swali la barua hii, na nimeshindwa kuliuliza vizuri kuliko alivyouliza.

Sasa maombi. Nimeyaweka madogo ili yasipotelee kwenye kamati.

Leteni mtihani kaskazini. Moshi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 na siku nzima ya basi. Mtahiniwa wa B1 ana moduli nne za kufanya, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na mara nyingi anaingia chumba cha mtihani wa kusikiliza masikio bado yana muungurumo wa injini. Akishindwa moduli moja anarudi tena kwa moduli hiyo moja, nauli ile ile, gesti ile ile. Siku mbili kwa mwaka, watahini wawili, Moshi au Arusha, zingetosha kuanzia. Ukumbi tutatafuta sisi. Kiti na meza tutabeba wenyewe.

Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu njia halali za kuingia Ujerumani: kiwango gani cha lugha kwa yupi, cheti kipi kinatambulika, ada ipi inalipwa ubalozini na ipi hailipwi kwa mtu yeyote. Yaya wa au pair ni A1, mwenza anayemfuata mwenza kwa kawaida ni A1, muuguzi wa usajili ni B2. Mambo haya yako kwenye tovuti zenu kwa Kijerumani na Kiingereza, na wakala anajua hivyo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili uliopigwa mhuri, ubandikwe ofisi za kata, utawanyima wengi riziki yao ya ovyo.

Tupeni nafasi kwenye mafunzo yenu ya walimu. Mnayo programu ya Deutsch Lehren Lernen, ni nzuri, nimeona vitabu vyake mikononi mwa walioisoma. Lakini milango yake imezoea walimu walioajiriwa shuleni. Mwalimu wa kujitolea anayefundisha Jumamosi baada ya wiki nzima ya kuuza vipuri hana barua ya mwajiri ya kuambatanisha. Badilisheni fomu. Barua ya kikundi chake itoshe.

Halafu lile la mwandiko, ambalo mimi ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine. Hamburg ipo Sütterlinstube, kikundi cha wazee wanaojitolea kusoma miandiko ya zamani na kuiandika upya kwa herufi za leo, barua za mababu, shajara, vyeti. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010. Kuna wazee wanaojua kusoma Kurrent upande mmoja, na upande huu kuna watu wanaojua Madschame iko wapi, mangi gani alikuwa wa ukoo upi, na kwamba jina lililoandikwa vibaya na karani ni la kijiji ambacho bado kipo. Ofisa wa Berlin anayesoma "Kiboscho" hajui kama ni mtu au mlima. Kuwakutanisha watu hawa kwa video mara moja kwa mwezi kunahitaji kompyuta moja na intaneti isiyokatika. Nadhani gharama yake ni ndogo kuliko viburudisho vya semina moja ya "mazungumzo ya pamoja" hotelini.

Kazi hiyo ingewanufaisha hata ninyi. Humo ndani ya mafaili kuna barua za Kiswahili pia, nyingine kwa herufi za Kiarabu, ambazo majumbe, maliwali na wafanyabiashara waliwaandikia maofisa wa Kijerumani. Mnahitaji wasomaji wa kwetu kama sisi tunavyohitaji wa kwenu. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, akaandika juu ya desturi za Pwani kazi ambayo wasomi wenu wameitegemea kwa zaidi ya karne. Alipooa Mjerumani na kujaribu kurudi naye nyumbani 1905, walizuiwa kushuka, wakarudishwa Ulaya, naye akafia Berlin 1927. Tulimsoma mwaka jana kikundini. Vijana waliuliza maswali ambayo bango la Neuschwanstein haliwezi kuyaamsha, na sarufi ya wakati uliopita waliishika vizuri kuliko mwezi wowote mwingine, maana kila mtu alitaka kusimulia.

Mtaniambia fedha hakuna. Najua. Septemba 2023 Goethe-Institut ilitangaza kufunga vituo tisa, vikiwemo vya Washington, Osaka, Turin na Bordeaux. Kama majengo kwenye miji tajiri hayakupona, sitaomba jengo Moshi, mji wa ndizi na kahawa. Lakini tazameni kilichobaki panapofungwa jengo: ni wenyeji waliozoea kukutana. Na mnalo tayari umbo la kisheria la kuwatumia. Kampala, Goethe-Zentrum, kituo kinachoshirikiana na Goethe-Institut, inaendeshwa na jumuiya ya wenyeji, Ugandan German Cultural Society. Antananarivo vilevile, kupitia Cercle Germano-Malagasy. Wafaransa wameishi hivyo tangu 1883 na Alliance Française zao, jumuiya zinazosajiliwa kwa sheria ya nchi zilipo na kuongozwa na kamati za hapo hapo. Ipo moja Arusha, saa mbili kutoka hapa. Vijana wetu wanaotaka Kifaransa wanapanda daladala la asubuhi na kurudi jioni. Wachina wana taasisi zao za Confucius vyuoni, Dodoma na Dar es Salaam. Sisemi mshindane. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa lugha huenda palipo karibu.

Si lazima tuwe Goethe-Zentrum kesho. Tungeridhika na daraja la chini zaidi, lililoandikwa mahali fulani: kikundi kinachotambulika. Kikundi chenye mtu mmoja wa kuwasiliana naye Dar es Salaam ambaye anajibu, kinachopata maboksi ya vitabu vilivyozidi kwenye maktaba zenu, vyenye sauti zake, maana tunafundisha kusikiliza kwa kopi zisizo na CD na mimi ndiye ninayesoma sehemu zote mbili za mazungumzo, bwana na bibi. Na kinachoruhusiwa kuchagua mambo yake. Hilo la mwisho nalisisitiza. Tukisema mwaka huu tunasoma Mtoro na kodi ya kibanda, isiwe kwamba fedha za utamaduni zipo kwa karamu ya Desemba tu.

Moshi ina rafiki pia, Tübingen, tangu 2014. Ushirikiano wa miji una ofisi zake Bonn na una utaratibu wake wa miradi, mingi ikiwa ya mazingira na afya, na tunaishukuru. Mwanza na Würzburg wamefuatana tangu 1966, Tanga na Eckernförde tangu 1963. Mikataba hiyo ina umri wa babu. Kwa nini lugha isiwe sehemu yake? Wapo Watübingen wanaojifunza Kiswahili ili waje kwetu. Wakikaa meza moja na wanaojifunza Kijerumani ili waende kwao, kila mmoja atamsahihisha mwenzake bure.

Kwa upande wa nyumbani sitarefusha. Wakala wa kupeleka watu nje anatakiwa kisheria awe na leseni. Tunaomba orodha ya wenye leseni ifike ofisi za kata, si tovutini peke yake, na ifike ikiwa ya mwaka huu. Bodi ya Huduma za Maktaba, maktaba ya mkoa ina meza nyingi tupu Jumamosi alasiri. Tupeni moja, pamoja na intaneti. Na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: najua makaratasi yale ni dhaifu na hayawezi kupanda basi kuja kwetu. Lakini picha zake zinaweza. Wekeni utaratibu ambao kikundi cha mkoani kinaweza kuomba faili linalohusu wilaya yake na kulipata kwa ada ya mwananchi. Tutakachokisoma tutawarudishia kikiwa kimechapwa kwa herufi za kawaida na tafsiri ya Kiswahili chini yake.

Kuna mtu atakayesema nawapa Wajerumani kazi ya kutufundisha historia yetu. Hapana. Babu zetu walitusimulia, na simulizi zao ndizo zinazotuonyesha mahali ambapo faili linadanganya. Faili linasema "kijiji kiliadhibiwa". Simulizi zinataja nyumba zilizochomwa, za nani na nani. Ninachotaka ni watu wenye vyote viwili mezani kwa wakati mmoja, na Kijerumani cha kutosha kubishana na faili.

Yule binti wa Machame alifaulu moduli tatu za B1 na anarudia kuandika. Ataondoka, naamini, na hospitali itakayompata imepata mtu. Kabla hajaondoka anamalizia nakala ya ukurasa ule wa kodi, kwa sababu alianza yeye na hataki mwingine aharibu mwandiko.

Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana. Jibu lenu tutalisoma kwa sauti darasani, liwe la Kijerumani au Kiswahili, na likiwa "hapana" naomba liwe na sababu, ili tusilete ombi lile lile mwakani kwa maneno mengine. Tarehe za mtihani wa kaskazini, mkizipanga, tupeni taarifa miezi mitatu kabla: ukumbi wa usharika hukodishwa kwa harusi mapema, na msimu wa wageni ukianza nusu ya darasa iko juu ya mlima.

Wenu katika kazi,

Katibu, kikundi cha Kijerumani
Moshi, Kilimanjaro